Njoo Unione Jioni

Mtaa wa Swahili, Kariakoo
12 Februari 2024

Baba Brightness,

Shuleni tulifundishwa barua ianze na "mimi huku ni mzima, hofu ni kwako." Leo naigeuza. Wewe huko Machame naamini ni mzima. Hofu ni kwangu.

Usishangae kupata karatasi badala ya simu. Juzi jioni nilipokupigia ulinisikiliza kidogo, ukasema, "Mke wangu, umelewa," ukakata, na tangu hapo namba yangu umeifungia. Sikunywa, Anaeli. Ikifika jioni ulimi wangu unakuwa mzito na maneno yanatokea puani, hata mimi mwenyewe nikijisikia nadhani ni mtu mwingine anaongea. Kwa hiyo naandika, tena asubuhi. Kalamu hailewi.

Tatizo lilianzia machoni. Ulikuwa umeshakwenda kumuuguza mama. Siku moja dukani nikaona kanga mbili ukutani mahali nilipotundika moja. Nikadhani ni uchovu. Baadaye wateja nao wakaanza kuja wawili wawili, na wote wawili wanataka punguzo. Mama mmoja wa Temeke aliniomba nimsomee jina la kanga, nikaona maandishi yamepandana mstari juu ya mstari, nikamsomea upuuzi mtupu. Alicheka sana, akaenda kununua duka la pili. Nikifumba jicho moja, dunia inarudi kuwa moja. Nikiyafumbua yote, kila kitu kina pacha wake.

Halafu zikaja kope. Wahenga walisema macho hayana pazia. Yangu yanalo, na kila alasiri linashuka lenyewe, la kushoto kwanza. Asubuhi naamka macho yamefunguka kama zamani, natunga uzi kwenye sindano bila shida. Adhuhuri yanaanza kuchoka. Wakati wa kufunga duka nainua kope kwa kidole ili nilione kufuli.

Mtaani wanasema Mama Brightness kala kungu, ndiyo maana macho yamemlegea. Wauza mabegi wananipigia kelele, "Mama, utatuua na hayo macho!" Kaka yako Godbless alinikuta nimeegemea mlango namtazama Nasor, yule kaka yake Hind wa duka la manukato, akanuna akaondoka hata bila kuaga. Sikuwa namtazama Nasor kwa ubaya. Nilikuwa natafuta yupi kati ya Nasor wawili ndiye wa kweli, ili nimrudishie mkasi wake.

Kabla hujaifungia namba nilikutumia picha yangu ya jioni ili uone mwenyewe. Ukanijibu, "Unanirembulia na mimi?" Nililia, nikacheka, nikalia tena.

Ombi langu ni moja tu. Njoo unione. Usije asubuhi, maana asubuhi mimi ni mzima kuliko wewe. Njoo unione jioni.

Mkeo,
Agnesi


Machame
25 Februari 2024

Mama Brightness,

Bwana Yesu asifiwe. Barua yako nimeipata kwa utingo wa basi. Mama anakunywa uji kidogo, lakini kugeuka kitandani hawezi mpaka nimgeuze. Mila yetu unaijua: kihamba, nyumba ya baba na migomba yake, ni cha kitinda mimba, na mama ni wa mwenye kihamba. Godbless ni mkubwa na alishapewa chake zamani. Mimi sina wa kumwachia.

Barua nimeisoma kwa makini. Umeandika vizuri, siku zote unaandika vizuri, na hilo ndilo linalonitia shaka. Mgonjwa haandiki utani.

Nikukumbushe jambo. Tulionana wapi? Kwenye mashindano ya kwaya. Ulisimama mstari wa mbele, sauti ya kwanza, ukanitazama ukarembua hadi nikasahau zamu yangu ya kuingia, besi zote zikaharibika. Siku ya harusi ulikiri mbele ya watu kwamba ulifanya makusudi, akina mama wakapiga vigelegele. Macho hayo nayajua na kazi yake naijua. Leo unaniambia yanashuka yenyewe.

Kaka yangu si mtu wa maneno mengi. Amesema ulimrembulia Nasor mchana kweupe, mlangoni, kwa muda mrefu, na wapita njia wakiona. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Na ile sauti ya ulevi sikuambiwa na mtu, niliisikia kwa sikio langu.

Kama ni macho, kapime miwani. Kama ni jambo lingine, mwone mchungaji. Mimi siji kusimama hapo Kariakoo nichekwe na wauza mabegi.

Anaeli


Mtaa wa Swahili, Kariakoo
18 Machi 2024

Baba Brightness,

Mpe pole mama. Mwambie mkwe wake anamwombea.

Nimetii yote mawili. Miwani nimepima, na sasa naona vitu viwili vilivyo safi zaidi. Hospitali nimekwenda. Nilitoka kabla ya adhana ya alfajiri ili niwahi foleni, na nikaiwahi kweli, nikawa wa mwanzo. Daktari akanimulika, akanifanya nisome herufi ukutani, nikazisoma zote hadi zile za chini kabisa. Akasema, "Mama, macho yako mazuri. Una mawazo, pumzika." Nikamwambia dokta, subiri jioni. Akacheka. Jioni kliniki imefungwa.

Kanisani nimekwenda pia. Sijui nani aliwapelekea habari akina mama wa maombi, lakini waliniweka katikati wakaniwekea mikono, wakamkemea pepo wa zinaa kwa jina lake. Ibada ilikuwa ya asubuhi, macho yalikuwa wazi kabisa. Wakashangilia kwamba nimefunguliwa. Jioni pepo akarudi nyumbani kwake kama kawaida.

Sasa taya nazo zimeanza. Jumapili Hind aliniletea nyama, nikatafuna matonge machache nikachoka, ikabidi nishike kidevu kwa mkono nikisaidie. Hind alicheka kwanza. Halafu akaacha kucheka, akawa ananitazama tu, na mimi nikaogopa kuliko siku zote.

Kuhusu kwaya, ndiyo, nilikurembulia. Sijalikana hilo na sitalikana. Lakini fikiri vizuri, wewe mtu wa besi. Kurembua ni kushusha kope na kuzipandisha. Yule msichana alikuwa na nguvu ya kushusha na nguvu ya kupandisha. Mimi sasa nashusha tu.

Naogopa, Anaeli. Nilitaka nikuandikie hilo kwanza, nikaona aibu, nikaanza na miwani. Njoo.

Agnesi


Mtaa wa Swahili, Kariakoo
22 Aprili 2024

Kwa shemeji yangu Anaeli,

Salamu kwako na kwa mama mgonjwa, Mungu amwafu. Ni mimi Hind binti Muhannad, jirani yenu wa manukato, ambaye pilau yangu ya Idi umeila kila mwaka uliokaa hapa mjini. Nilikupigia, ukaniambia huna la kuongea na upande wa Nasor. Haya, barua hii huwezi kuikata. Labda uichane, na ukiichana isome kwanza.

Idi hii mkeo alikuja kwangu. Nikammiminia chai ya maziwa. Akameza, chai ikatokea puani. Wallahi nimeona kwa macho yangu. Alitaka kucheka ili tusitishike, mdomo ukakataa kucheka, uso ukabaki vile vile kama wa mtu asiyekuwepo.

Nikasema basi, hospitali naenda naye mie. Siku hiyo mvua imemwagika, Jangwani pamejaa maji, daktari mwenyewe amekwama huko. Watu wengi wakakata tamaa wakaondoka. Sisi tukabaki. Alipofika ilikuwa alasiri, na hiyo mvua ndiyo iliyotusaidia, maana kwa mara ya kwanza daktari alimwona Agnesi kope zikiwa zimeshuka. Akamwambia atazame juu darini asifumbe. Tukaangalia wote, kope zinateremka polepole hadi zikafunga. Akatia barafu kwenye glovu, akamwekea juu ya jicho. Alipoitoa, shemeji, jicho lilifunguka! Nikapiga ukelele wa furaha. Daktari hakufurahi.

Kasema maradhi haya yana jina refu, mayasthenia. Kinga ya mwili, badala ya kupigana na maradhi ya nje, inampiga mwenyewe. Misuli inaamriwa na haisikii amri. Kikulacho ki nguoni mwako, ndiyo haya sasa. Huanzia machoni, watu wakadhani ni usingizi au ni maringo, kisha hushuka kooni, kisha kifuani kwenye pumzi. Hakuna kupona, kuna kutuliza. Angekuja mapema ingekuwa afadhali. Kampa vidonge vinavyomrudishia macho kwa saa chache, na kamkataza aina nyingi za sindano na dawa, hata zile za kikohozi cha kawaida, mpaka aulize kwanza.

Kuhusu ndugu yangu Nasor sina la kukuapia zaidi ya kwamba ana mke na ana haya. Lakini hata ukimchukia Nasor, mchukie ukiwa hapa.

Mkeo hajui nimekuandikia. Anakaa mlangoni kila jioni akielekea upande wa kituo. Nikimuuliza unatazama nini, anasema hatazami kitu, anapunga hewa.

Dada yako,
Hind


Machame
6 Mei 2024

Agnesi,

Barua ya Hind niliipata. Shahidi wako ni dada wa mshtakiwa, hilo hukuliona? Hata hivyo iliniingia. Sikulala vizuri. Nilimwachia mama jirani yetu Severa, nikapanda basi la usiku bila kumwambia mtu, hata Godbless. Nilitaka nione kwa macho yangu mwenyewe, nisiambiwe na yeyote.

Nilifika Kariakoo maduka yanafunguliwa. Nikasimama ng'ambo ya barabara kwa muuza kahawa, mkungu wa ndizi miguuni. Ndizi zilikuwa zako.

Nikakuona unafungua duka. Ulifungua kufuli bila kupapasa. Ulitundika kanga juu kabisa kwa ule mti mrefu, macho yamekutoka, mazima, makubwa, mazuri. Hakuna kope iliyoshuka, hakuna kidole kilichoinua chochote. Moyo wangu ulifurahi kidogo, nikasema asante Mungu, ni mzima. Nikainama nibebe ndizi nivuke.

Nilipoinua kichwa, Nasor alikuwa amesimama mbele yako. Hakusema neno. Alikuonyesha vidole viwili. Ukamtazama, ukacheka kama sijakusikia ukicheka tangu Brightness azaliwe, ukaitikia kwa kichwa. Saa mbili, sivyo? Saa mbili ya wapi, Agnesi?

Ulikuwa umeelekea upande wangu kabisa, kidogo tu pembeni. Hukuniona, au ulijifanya hukuniona. Sikutaka fujo barabarani. Nikarudi stendi ya Mbezi, mkungu nikampa mbeba mizigo, nikapanda basi la kwanza.

Umeniletea daktari, barafu na majina marefu. Mimi nimeona mtu mzima mwenye afya yake. Usiniandikie tena. Brightness akifunga shule mwezi wa sita atakuja huku kwa bibi yake. Hayo mengine tutayamaliza mbele ya wazee.

Anaeli


Kariakoo
13 Mei 2024

Anaeli,

Samahani kwa mwandiko. Naandika huku kidole kimoja kimeshika kope.

Ulikuja. Nimesoma hapo mara nyingi kuliko pengine pote. Ulikuja na ndizi.

Tangu tutoke kwa daktari, Nasor kila asubuhi ananipima. Anasimama mbele yangu ananyoosha vidole bila kusema, mimi nataja ni vingapi. Akinyoosha vitatu nataja sita, akinyoosha kimoja nataja viwili, Hind anasema leo tena bado. Asubuhi ile nilikuwa nimetoka kumeza kidonge. Alinyoosha viwili, na mimi niliviona viwili. Ndiyo maana nilicheka.

Nilisema moyoni, Anaeli akija atanikuta naona vitu kama vilivyo. Na wewe ulikuwa hapo hapo.

Hukuwa umejificha vizuri. Ni mimi siku hizi siwezi kutupa jicho pembeni. Macho hayageuki kulia wala kushoto, yanatazama mbele tu. Mtu akitaka nimwone, lazima aje asimame pale yanapotazama. Muuza kahawa yuko ng'ambo, pembeni kidogo ya mlango wetu. Nimemwangalia mara nyingi kwa kugeuza shingo. Asubuhi ile sikugeuza shingo.

Ungekaa mpaka jioni. Ungezunguka soko, ungekunywa hiyo kahawa, ungelala hata kwa Godbless. Saa kumi na moja ungevuka barabara, ungenikuta nimekaa kwenye kigoda, kichwa nimekiegemeza ukutani kwa sababu shingo nayo haikai. Usingehitaji kuuliza kitu.

Sina hasira. Nilikuwa nayo, imechoka kama vingine vyote. Brightness aje huko kwa bibi yake, ni sawa, asinione hivi. Mwambie mama yake alikuwa sauti ya kwanza.

Mvua haikatiki na kifua kimeanza kunibana.

Agnesi


Hospitali, Dar es Salaam
9 Juni 2024

Mke wangu,

Nimefika jioni, kama ulivyosema.

Naandika nikiwa kwenye benchi la nje. Nesi anasema unasikia, ila nikiingia naanza kusema na sauti inakatika, akanitoa mara ya kwanza. Hind ameshauri niandike, yeye atakusomea polepole sikioni. Hind sauti yake haitetemeki. Yangu mimi besi imekwisha.

Godbless alinipigia. Alisema homa ilikupanda, Hind alikuwa amekwenda Kigamboni mazishini, yeye akakupeleka zahanati iliyo karibu. Anasema ulijitahidi sana kuwaambia kitu. Ulikuwa unarudia neno moja, "sindano, sindano," na wao wakasikia unaitaka. Mmoja wao akamuuliza Godbless, huyu mama amekunywa nini? Na Godbless, kwa kuwa mimi nilishamwambia, akajibu kwamba wakati mwingine hunywa. Basi wakakuacha benchi hadi wa mwisho, kisha wakakuchoma ile uliyokatazwa. Yuko hapa amekaa pembeni yangu. Maneno aliyowaambia ni yangu.

Daktari wako nimemwona, yule aliyekwama Jangwani. Nilimuuliza asubuhi itakuwaje, maana uliniandikia kwamba asubuhi huwa unaamka mzima, na nimekuja nimelishikilia hilo njia nzima kutoka Moshi. Akaniambia hali hiyo imepita. Kuna wanaotoka kwenye mashine ya kupumulia, lakini kifua chako kimejaa na mwili hauitikii dawa, nisimwambie mtoto kwamba mama anarudi. Alisema kwa upole. Nilimwomba arudie, akarudia.

Brightness bado hajui. Yuko kwa mama, anamlisha uji. Severa yupo nao.

Mkungu mwingine nimekuja nao. Upo hapa chini ya benchi, mlinzi alikataa usiingie. Sijui kwa nini nimeubeba.

Mara ya pili waliponiruhusu kuingia nilinyamaza kabisa. Nilisimama upande wa kulia wa kitanda. Kope zako zilikuwa zimeshuka zote mbili, na mtu asiyejua angesema umelala. Nilikumbuka kidole chako. Nikanawa mikono vizuri, nikamwomba nesi ruhusa kwa ishara, nikaiinua ile ya kushoto taratibu.

Jicho lilikuwa zima. Lilikuwa lako. Lilitazama mbele, kwenye ukuta, mahali pasipo na kitu. Nikanyoosha vidole viwili, halikugeuka. Nikatikisa mkono, halikugeuka. Nilitaka kusema Agnesi, nipo huku, niangalie. Halafu nikakumbuka ulichoandika. Nesi akanishikia kope, nami nikazunguka kitanda, nikabana kati ya mashine na ukuta, nikasimama pale jicho linapotazama. Nilikaa hapo hapo hadi muda wa kuona wagonjwa ukaisha.

Anaeli